Bibi wa Vudee na maua yaliyokataa kuchanua

Huko Vudee, katika milima ya Upare wilayani Same, mtu huzikwa kwake. Kaburi huwa hatua chache kutoka mlangoni, karibu na migomba, na wanaobaki hulipita kila siku wakienda kuchota maji au kukata majani ya ng'ombe. Ndivyo ilivyo kwa bibi mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka 71. Mumewe alizikwa upande wa chini wa nyumba, mahali alipopenda kukaa jioni na kutazama tambarare kule mbali.

Mzee alifariki mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Watoto wanne walifika. Wa tano, binti wa mwisho, hakufika. Alikuwa Cardiff, Wales, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na maombi yake ya kuongezewa ukaazi yalikuwa hayajajibiwa. Angetoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yangehesabika kuwa ameyafuta mwenyewe. Kwa hiyo aliangalia mazishi ya baba yake kwenye simu ambayo kaka yake aliishika juu ya vichwa vya watu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wakati jeneza linashushwa.

Familia zenye ndugu walio mbali zinaijua simu ya namna hiyo.

Binti alikuja Desemba ya mwaka wa pili, wakati ambao Wapare walioko mijini hupanda mlima kwa sikukuu. Alifika akiwa na mfuko mwekundu wa wavu wenye vitunguu 20 vya maua yaitwayo dafodili, pamoja na cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza nchini, maana bila karatasi hizo mbegu na mimea huweza kuzuiwa mpakani. Alimweleza mama yake kwamba kule anakoishi hilo ndilo ua la taifa. Kila tarehe 1 Machi, Siku ya Mtakatifu Daudi, watu hulibandika kifuani. Ni ua la njano lenye kikombe katikati, na huchomoza wakati baridi inaanza kuondoka.

"Yatachanua kila mwaka, Mama," alisema. "Mimi nisipokuwepo, yatakuwepo."

Bibi hakujibu neno. Alikwenda kuchukua jembe.

Walipanda pamoja kuzunguka kaburi. Binti alikuwa amejifunza namna yake: shimo la kina cha sentimeta 15 hivi, kama mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, ncha iangalie juu, kati ya kitunguu na kitunguu iachwe nafasi ya kiganja, na udongo uwe unaopitisha maji, kwa sababu kitunguu cha ua kikikaa kwenye maji huoza. Walipofika kitunguu cha 12, jua lilikuwa linazama. Binti alisema vinane vilivyobaki vipandwe kesho yake mbele ya mlango. Kesho yake kukawa na wageni, keshokutwa kanisani, na siku ya kuondoka ikafika vikiwa bado mfukoni.

"Nitavipanda," Bibi aliahidi.

Hakuvipanda. Hakusahau, la. Mkulima wa Upare aliyezoea ukame hapandi mbegu zote siku moja. Huweka akiba, kwa sababu mvua ya kwanza inaweza kumdanganya. Bibi aliutundika ule mfuko wa wavu stoo, kwenye msumari, akajiambia kwamba vile 12 vikifa, vinane vitakuwepo. Binti alipopiga simu Jumapili iliyofuata na kuuliza kama vyote vimepandwa, Bibi alisema ndiyo. Lilikuwa neno dogo la kumtuliza mtu aliye mbali.

Mwezi wa Januari majani yalitoka. Bibi alifurahi kama aliyepata mjukuu mwingine. Yalikuwa majani membamba, ya kijani kibichi, yaliyosimama wima kama vitunguu vya bustanini. Kila Jumapili binti aliuliza, "Yametoka?" na kila Jumapili Bibi alijibu, "Majani yametoka, maua yanakuja."

Februari ikapita. Majani yalirefuka, yakalegea, yakalala chini. Hakukuwa na hata kichwa kimoja cha ua.

Bibi alifanya alilolijua. Watu wa Upare wameishi kwa maji ya kupimiana tangu enzi za mababu. Huchimba mifereji kwenye miteremko na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku ili yatumike mchana, na maji yanayotoka Vudee hugawanywa na walio chini mpaka upande wa Bangalala. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo, mmea wake ukilegea, fikra ya kwanza ni kwamba una kiu. Bibi akaanza kumwagilia asubuhi na jioni. Mmea ulipozidi kulegea, akaona una njaa. Akaleta samadi mbichi kutoka zizini, akaifukia kuzunguka kila shina.

Baada ya wiki tatu alivuta jani moja, nalo likamfuata mkononi bila kizuizi. Alipochimba alikuta kitunguu kimekuwa uji wa kahawia unaonuka. Vinne vilikuwa hivyo hivyo. Samadi ile iliyompa migomba mizuri, na maji yale aliyoyapata kwa zamu, ndivyo vilivyoviua.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa habari ya maua tu.

Tarehe 1 Machi binti alituma picha. Alikuwa amesimama kando ya barabara huko Cardiff, amevaa koti zito, na nyuma yake dafodili zimejaa kwenye nyasi. Chini aliandika kwamba ya kwake yametoka, na ya baba je? Mjukuu wa kike wa miaka 14, anayeishi na Bibi na ndiye mwenye kumsomea ujumbe, alisoma kwa sauti kisha akangoja.

"Mwambie yametoka," Bibi alisema. "Mwambie ni mazuri sana."

"Bibi, hayajatoka."

"Andika nilivyokuambia."

Mtoto aliandika. Haikupita dakika moja, binti akaomba picha. Bibi akasema aambiwe kamera ya simu ina ukungu. Wiki iliyofuata ikawa mvua imeyaangusha. Wiki ya tatu binti hakuuliza tena, na Bibi akashukuru, ingawa ukimya ule ulimkaa kifuani vibaya. Alianza kulipita kaburi la mumewe kwa haraka. Baadaye alisema aliona kama mzee anamtazama na kumwuliza umeanza lini kumdanganya mtoto.

Mwezi wa Aprili, siku ya Jumatano, Bibi alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Makande yalikuwa yamechemka tangu asubuhi, mahindi na maharage yakiwa yamelainika, yanangoja kuungwa tu. Mjukuu alirudi shule akiwa na njaa. Alitafuta vitunguu jikoni, akakosa. Akaenda stoo, akaona mfuko mwekundu wa wavu umetundikwa kwenye msumari, umefanana kabisa na mifuko ya vitunguu inayouzwa gulioni. Alichukua viwili, akavimenya, akavikatakata, akavitia kwenye mafuta.

Bibi alipotua mzigo mlangoni, mtoto alikuwa tayari amekwisha changanya sufuria.

"Bibi," alisema, "hivi vitunguu vyako havitoi machozi. Na havinukii."

Bibi hakuwa amesoma popote kwamba dafodili ni sumu, wala binti yake hakuwahi kumwambia. Alichojua ni kimoja: kitunguu kisichomliza mpishi si kitunguu.

"Umeonja?"

"Bado."

"Mkono wako uonyeshe."

Vidole vya mtoto vilikuwa vyekundu na vinawasha. Bibi aliishika sufuria kwa kanga yake, akaitoa nje, akachimba shimo nyuma ya choo na kufukia makande yote, chakula cha siku mbili, ili kuku na mbwa wasiyafikie. Walinawa kwa sabuni mara tatu. Walisugua kisu, ubao na sufuria kwa majivu. Usiku ule walikula ndizi za kuchoma.

Kisha Bibi alimwambia mjukuu apige simu Cardiff.

Haikuwa Jumapili, na ilikuwa usiku. Kwa mtu aliye ughaibuni, simu ya nyumbani inayoita siku isiyo yake huwa na maana moja tu.

"Shikamoo Mama. Nani?" binti aliuliza mara moja. "Nani, Mama?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekufa. Vitunguu vyako vile vina sumu?"

Kimya. Kisha, "Nani amekula?"

"Hajala. Alivipika, hakuvila. Nakuuliza, vina sumu?"

"Vina sumu, Mama. Sana. Havifai hata vikipikwa." Alivuta pumzi. "Lakini vimetoka wapi? Si ulivipanda vyote?"

Mjukuu alikuwa ameishika simu katikati yao, kwenye sauti ya juu. Anasema Bibi aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Sikuvipanda vyote," Bibi alisema. "Nilificha vinane. Na vile 12 havikutoa maua. Vinne vimeoza kwa mkono wangu. Yale maua ya kaburini niliyokuambia, mwanangu, hayapo. Hayajawahi kuwepo."

Alingoja binti alie. Binti hakulia.

"Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu Februari kwamba hayatatoka."

Kwenye nyumba ile ya wazee kuna mzee anayetunza bustani. Binti alikuwa amemwonyesha picha ya kaburi na majani yaliyolegea. Mzee alimwuliza huko kwao majira ya baridi yana miezi mingapi. Binti alipomwambia kwamba Vudee baridi ya Juni na Julai humfanya mtu avae sweta lakini si baridi ya barafu, mzee alitikisa kichwa. Kwa hiyo mama yake aliposema maua yametoka na ni mazuri sana, binti alitambua kwamba si kweli. Alinyamaza kwa sababu aliona mama anamfariji, naye hakutaka kuuvunja ule ukarimu.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unanidanganya kwamba unaniamini," Bibi alisema.

"Na wewe ulikuwa unanidanganya kwamba yametoka."

Mjukuu ndiye aliyeanza kucheka. Walicheka wote watatu mpaka vocha ikakaribia kwisha, kisha binti, katikati ya kicheko, akaanza kulia, na Bibi akamwacha alie. Alikuwa hajamsikia akilia tangu msiba. Siku ile ya mazishi mtandao ulikuwa umekatika.

Wiki hiyo yule mzee wa bustani alipata maswali mengi kutoka Upare, na majibu yake yanafaa kujulikana na yeyote anayeletewa maua haya.

Asili ya dafodili ni Ulaya ya kusini-magharibi na Afrika ya Kaskazini, hasa Hispania, Ureno na Moroko. Ua lake hujitengeneza likiwa bado dogo sana ndani ya kitunguu, kisha hungoja. Linachongoja ni baridi. Kitunguu kinahitaji wiki 12 hadi 16 mahali penye nyuzijoto chini ya 9 hivi, bila kugandishwa. Baridi hiyo ndiyo humwambia mmea kwamba kipupwe kimepita na sasa ni salama kusimamisha shina. Bila baridi hiyo majani yanaweza kutoka, kwa kuwa chakula kipo ndani ya kitunguu, lakini shina la ua hukwama humo humo. Maji hayawezi kuwa badala ya baridi, na samadi hali kadhalika. Tena samadi mbichi huleta kuoza.

Kuhusu sumu, dafodili, kitunguu maji, kitunguu saumu na lile ua jekundu la porini liitwalo nyinyoro ni ukoo mmoja, na kama ilivyo katika koo nyingi, wamo wanaofaa mezani na wasiofaa. Dafodili ina sumu iitwayo likorini, iliyojaa zaidi kwenye kitunguu, ambayo huleta kichefuchefu, kutapika sana, maumivu ya tumbo na kuharisha. Moto wa jikoni hauimalizi. Utomvu wake huwasha ngozi. Kukosea si ushamba wa Vudee pekee. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliyataka maduka makubwa yasiweke dafodili karibu na mboga na matunda, kwa kuwa wapo watu waliozila wakidhani ni mboga. Aliyekula apelekwe kituo cha afya haraka, pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili mganga ajue anashughulika na nini.

Kutoka katika ua hilo hilo hupatikana pia galantamini, dawa inayotumiwa kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na huko Wales wapo wakulima wanaolima dafodili milimani kwa ajili hiyo. Binti alimweleza mama yake hilo kwa sababu ndio wazee anaowaogesha na kuwalisha kila siku, wazee ambao wengine humwita kwa majina ya mabinti zao. Bibi alikuwa hajawahi kuuliza sana kuhusu kazi ile. Siku hiyo aliuliza.

Vitunguu vilivyobaki mfukoni vilikuwa sita. Kimoja kilikuwa laini, kikatupwa. Vitano vilikuwa vikavu na vyepesi mkononi, lakini vigumu. Mzee wa bustani alisema vimechelewa mno na asingeahidi kitu, ila kuna njia ya friji.

Bibi hana friji. Mwenye friji ni kijana wa dukani, anayeuza soda na maziwa. Bibi alimfuata na mfuko wa karatasi.

"Nataka unitunzie hivi mpaka katikati ya Julai."

"Bibi, mpaka Julai? Umeme nalipa mimi."

"Baba yako alilima shamba lake kwa maji ya zamu yetu, mwaka wa njaa. Nani alilipa?"

Kijana alicheka, akasema basi angalau amlipe mkungu wa ndizi. Bibi alikubali kwa sharti kwamba mkungu huo usikaribie friji, wala ndizi yoyote mbivu, wala embe, wala parachichi. Alikuwa ameambiwa kwamba matunda yanapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo inaweza kuliua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Kijana alidhani mama huyu umri umeanza kumchezea. Hata hivyo aliuweka mfuko kwenye rafu ya chini, nyuma ya maziwa. Juu yake mjukuu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: SI VITUNGUU. NI SUMU. VYA BIBI.

Vilikaa humo wiki 14. Umeme ulipokatika, kijana alikatazwa kufungua mlango wa friji bila sababu, na wateja wa soda walisikia habari za maua ya Bibi kuliko walivyotaka.

Katikati ya Julai, wakati wa baridi ya Upare, Bibi alivipanda kwenye ndoo ya zamani iliyotobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na mchanga. Hakutia samadi. Alimwagilia mara moja, akangoja udongo ukauke juu ndipo amwagilie tena. Ndoo aliiweka upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kulima, kwa sababu ilikuwa kazi ya kujizuia.

Jumapili zile binti aliuliza, na safari hii Bibi alijibu kama mambo yalivyo. Bado. Bado. Vitatu vimechipua. Viwili vimekufa. Bado. Mjukuu anasema simu za kipindi kile zilikuwa ndefu kuliko za zamani. Kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kulinda, mengine yalianza kusemwa: kwamba goti la Bibi linamsumbua na alikuwa halitaji, kwamba binti alikosa kodi ya nyumba miezi miwili na hakusema, kwamba kaka mkubwa amekuwa akitumiwa hela za dawa ya mama na hazifiki zote. Hili la mwisho lilileta kikao cha familia ambacho hakikuwa kitamu. Lakini hela zinafika sasa.

Mwishoni mwa Septemba ua moja lilitoka. Moja tu, katika vitunguu 20. Shina lilisimama, kichwa kikainama kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha asubuhi moja kikafunguka, njano tupu. Bibi aliibeba ndoo mwenyewe, na goti lake lile, akaiweka juu ya saruji ya kaburi. Mjukuu alipiga picha, na safari hii kamera haikuwa na ukungu.

Binti hakujibu kwa maneno. Alituma picha hiyo hiyo, ikiwa imebandikwa ukutani pake.

Ua lilidumu siku tisa. Bibi alilitazama kila jioni. Alipoulizwa na jirani anasemaje kuhusu ua la Ulaya, alisema ni zuri, lakini linataka kubembelezwa kama bwana harusi.

Liliponyauka alikata kichwa tu, akayaacha majani. Hilo nalo alikuwa ameambiwa: majani ya dafodili yasikatwe wala kufungwa fundo baada ya ua kuisha, yaachwe wiki sita au zaidi mpaka yakauke yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayopika chakula cha kitunguu cha mwaka unaofuata. Anayeyakata kwa kupenda usafi hulipa mwaka mwingine.

Mwezi wa Novemba vuli ilinyesha. Siku chache baada ya mvua ya kwanza, kando ya mpaka wa kiwanja, chini ya masale ambayo babu wa mzee aliyapanda kuonyesha mwisho wa ardhi yake, nyinyoro zilichomoza. Hakuna aliyezimwagilia. Kitunguu chake hulala ardhini kiangazi kizima, na mvua ya kwanza ikigusa udongo hurusha shina lenye mpira mwekundu wa maua madogo mengi, mara nyingine hata kabla ya majani. Ndilo jina ambalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilichagua katika Wimbo Ulio Bora. Bibi alikuwa ameyaona tangu utoto na hakuwahi kusimama kuyatazama, kwa kuwa yalikuwa ya porini na yenye sumu, na mbuzi huyaepuka.

Mwaka huu alisimama. Majani yalipokauka baadaye, alichimba matatu kwa uangalifu, akiwa amevaa mifuko mikononi, akayahamishia kwenye kaburi, mahali ambapo dafodili zile nne zilioza. Kabla ya kufanya hivyo alipiga simu kuuliza, kwa sababu kaburi ni la baba na ahadi ilikuwa ya binti.

"Haya ya huku hayahitaji friji," alimwambia. "Yanajua mvua yetu. Utakasirika?"

"Sitakasirika, Mama. Panda."

"Na la kwako nitaendelea nalo. Lakini nisikuahidi."

"Usiniahidi. Niambie tu."

Watu wanaotunza ndugu kwa mbali, walio huku na walio kule, wana desturi ya kuletana habari njema zilizopikwa. Mtu huficha ugonjwa ili mwenzake asihangaike, mwingine huficha njaa ili nyumbani wasisikitike, na kila upande hujiona unapenda. Bibi wa Vudee hana neno kubwa la kuwaambia. Husema tu kwamba alikimwagilia kitu kilichotaka baridi, kwa sababu maji ndiyo aliyokuwa nayo, na kwamba angeuliza mapema asingeozesha vinne.

Ndoo ipo upande wa nyumba, majani yamekauka. Kitunguu kilichotoa ua kimechimbuliwa, kimekaushwa, kimewekwa kwenye mfuko mpya wa karatasi, mbali na jiko. Mwezi wa Aprili kitarudi kwenye friji ya dukani, nyuma ya maziwa. Kijana ameshaambiwa aandae nafasi, na ameshataja bei yake: mikungu miwili.